SR40 au AZR60: Noah ipi ya kununua ukiwa mtu wa Tanga

Shemeji yangu wa Muheza ameuza machungwa vizuri msimu huu na sasa anataka Noah. Alinipigia simu usiku: "Shemeji, wewe zote mbili umekaa nazo. Nichukue ya zamani au hii ya umbo la pili?" Nilimjibu haraka haraka kwa sababu nilikuwa na mchele jikoni, na jibu langu mwenyewe halikuniridhisha. Nimekaa nikaliandika sawasawa, kwa ajili yake na kwa yeyote wa pwani hii anayetaka gari la familia ambalo umri wake ni sawa na wa kijana wa kuoa.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga mjini, nakaa Makorora. Noah yangu inabeba masufuria, magunia ya mchele, mitungi ya gesi, na juu yake wasaidizi wangu watano. SR40, ile ya zamani, nilikaa nayo miaka saba. AZR60, ya umbo la pili, ninayo mwaka wa nne sasa. Zote mbili zimenipa riziki na zote zimewahi kunilaza njiani, ila kila moja kwa namna yake. Nikiulizwa kwa neno moja nasema hivi: kwenye ile ya zamani unanunua bodi, kwenye hii ya pili unanunua injini. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza ujue unachokitazama

SR40 ndiyo Noah ya mwanzo kabisa, Townace Noah na pacha wake Liteace Noah, zilizotengenezwa Japani kuanzia 1996 hadi 2001. Ikiwa inavuta kwa magurudumu yote manne, ni SR50. Injini ni 3S-FE ya petroli, cc 1,998, imekaa chini ya viti vya mbele, na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma kwa propela shafti. Mlango wa kusukuma ni mmoja tu, wa kushoto.

AZR60 ilianza mwishoni mwa 2001, ikatengenezwa hadi 2007. Ya magurudumu manne ni AZR65, na Voxy ni gari lile lile lenye sura nyingine. Cc ni zile zile, lakini injini ni 1AZ-FSE yenye mfumo wa D-4, imekaa mbele chini ya boneti, na inavuta kwa magurudumu ya mbele. Milango ya kusukuma iko pande zote mbili. Agosti 2004 gari hili lilibadilishwa kidogo: gia boksi ya otomatiki ya gia nne iliondolewa, ikawekwa CVT. Ukumbuke mwezi huo, nitaurudia.

Madalali watakuambia "hii namba D, bado mbichi". Herufi ya namba inakuonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haikuonyeshi lilitoka kiwandani lini. Soma kadi, mwaka wa kutengenezwa na namba ya chesisi, halafu ulinganishe chesisi ya kwenye kadi na ile iliyochongwa kwenye gari lenyewe.

Ya zamani: tazama bati kabla ya kusikiliza injini

Tanga chumvi iko hewani. Ukiacha sufuria ya chuma nje usiku mmoja Raskazone, asubuhi ina wekundu. Sasa fikiria gari lililokaa hapa miaka kumi na tano, limevuka kivuko cha Pangani mara ngapi, limepita kwenye madimbwi ya masika mara ngapi. SR40 inaoza kuanzia chini: vizingiti vya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, ukingo wa chini wa mlango wa kusukuma, na ile reli ambayo mlango unatembelea. Beba sumaku ndogo mfukoni. Palipojazwa puti na kupakwa rangi, sumaku haishiki. Nyanyua zulia la nyuma, bonyeza sakafu kwa kidole gumba. Mimi nimewahi kubonyeza kidole kikatokea upande wa pili.

Ndiyo maana nasema ununue bodi. Injini ya 3S-FE ikifa, utapata nyingine. Ipsum ya kwanza inayo, RAV4 ya kwanza inayo, Corona na Caldina zinayo, na fundi yeyote mwenye mvi anaijua kama anavyojua nyumba yake. Ukiagiza spea Dar es Salaam leo, inapandishwa basi na kesho unaipokea Kange. Bodi iliyooza haina duka. Utaunga bati hapa, litapasuka pale. SR40 iliyotoka Dodoma au Arusha, hata kama injini yake inavuja oili kidogo, naiweka mbele ya ya Pangani yenye injini safi.

Ugonjwa wake mkubwa wa pili ni joto, na hapa nitakaa kidogo.

Tanga mjini ni tambarare. Gari lenye ugonjwa wa kuchemsha linaweza kuzunguka Ngamiani na Chumbageni miezi sita bila kusema neno. Mwaka wangu wa tatu na SR40 nilikuwa na harusi Lushoto. Kutoka Mombo unapanda kona kwa kona mpaka karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapo gari likasema lote lililokuwa moyoni. Tulipokaribia Soni, binti aliyekaa mbele akaniambia, "Mama, kiti kinaniunguza." Mshale wa joto ulikuwa umeshapanda juu. Nikasimama, nikazima, tukashuka wote. Watu wa pale, kwa wema wao, wakaleta ndoo ya maji ya mlimani, na kijana mmoja alikuwa ameshashika kitambaa afungue mfuniko wa rejeta. Nilimkamata mkono. Maji yale yaliyobanwa yangemrukia usoni, na maji ya baridi yakiingia kwenye injini iliyowaka namna ile, hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) inapinda au inapasuka. Tulikaa karibu saa nzima kando ya barabara, masufuria yetu ndani. Ndipo nikafungua taratibu, nikajaza kidogo kidogo huku injini ikiunguruma ili hewa itoke.

Baada ya safari ile maji yakawa yanapungua, na chini ya gari hapakuwa na hata tone. Fundi mmoja mjini akaniambia gasket ya silinda hedi imekwenda, nitafute fedha za kushusha hedi. Sikuridhika. Nikalipeleka kwa mzee ambaye mimi humwita Mjomba. Hakufungua kitu. Alilala chali chini ya gari, mimi juu nimekanyaga mafuta kidogo, akawa anapapasa kwa vidole mabomba mawili ya chuma yanayopita chini ya sakafu kwenda kwenye hita ya nyuma. Vidole vikarudi na ute wa kijani uliochanganyika na kutu. Tundu lenyewe lilikuwa kama ncha ya sindano. Maji yalitoka kama mvuke gari likishapata moto, yakakauka juu ya bomba kabla hayajadondoka. "Mwanangu," akasema, "hita ya nyuma hapa Tanga ya nini?" Akayakata mabomba pale yanapoanzia, akaunganisha kwa kipande cha hosi na klipu mbili. Nusu saa. Gari halikuchemsha tena mpaka namuuzia mwenzangu.

Kwa hiyo SR40 ikipungukiwa maji, usikubali kushusha hedi kabla hujatazama hayo mabomba (kama gari lako lina hita ya nyuma), mfuniko wa rejeta, rejeta yenyewe, themostati na pampu ya maji. Pampu ya maji ya 3S inazungushwa na mkanda wa timing. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa fundi ameshafungua, badilisha pampu na beringi ya kukaza mkanda siku hiyo hiyo. Kama muuzaji hana kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Jema la 3S-FE ni kwamba mkanda ukikatika, gari linazima tu. Pistoni hazigongi vali. Utavutwa kwa kamba hadi gereji, utafunga mkanda mpya, utaondoka.

Kumisi, yaani injini kuruka mapigo, ni jambo la kawaida kwake, hasa asubuhi za masika. SR40 nyingi zina distribyuta na waya za plagi. Waya zikichakaa, umeme unatoroka njiani kwenye unyevu. Kuna njia ambayo haina gharama: usiku, mahali penye giza, nyanyua kiti cha mbele, mtu awashe gari, utazame tu bila kugusa. Ukiona cheche za buluu zinacheza juu ya waya, umeshapata mgonjwa wako. Kama hazionekani, chomoa waya injini ikiwa imezimwa na kupoa, uangalie kama shimo la plagi lina oili. Sili za mfuniko wa juu zikikauka, oili inashuka humo. Ni kazi ndogo, na spea yake ni bei ya kawaida.

Ya pili: bodi itakudanganya

AZR60 inavutia. Ndani pana, unakaa kama sebuleni, injini haikuunguzi miguu, na barabara ya Segera unaiona fupi. Bati lake ni jipya kidogo kwa sababu gari lenyewe lina umri mdogo. Mnunuzi anaangalia rangi, anafungua milango miwili, anakubali. Mimi mwenyewe nusura ninunue moja kwa namna hiyo.

Siri yake iko kwenye hiyo D-4. Kwenye 3S-FE petroli inanyunyizwa nje ya silinda, ikapita kwenye vali za kuingiza hewa ikiziosha. Kwenye D-4 inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwa hiyo vali zile haziguswi na petroli hata tone. Moshi unaorudishwa na mvuke wa oili unaganda humo mwaka hadi mwaka, kama masizi chini ya sufuria ya kuni. Njia ya hewa inaziba. Gari linaanza kutikisika ukisimama kwenye taa, sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, asubuhi linawaka kwa shida, na petroli inakwenda bila maelezo. Wengi hapo hubadilisha plagi, wakabadilisha koili, wakabadilisha sensa, fedha zinaisha na masizi yako pale pale. Dawa ni kufungua manifoldi ya hewa, throto na vali ya kurudisha moshi, vikaloweshwa na kusuguliwa mpaka vionekane. Yangu ilipofunguliwa, tundu ambalo lingepitisha kidole gumba lilikuwa limebaki la kupitisha penseli.

Pampu ya presha kubwa nayo itazame kupitia oili. Vuta kijiti cha oili, ukinuse. Oili ikinuka petroli, au kimo chake kikipanda badala ya kushuka, petroli inaingia kwenye injini na oili haifai tena kulainisha. Gari la namna hiyo liache lipite.

Lakini linalonitisha zaidi ni boli za hedi. Blok ya 3S-FE ni ya chuma. Blok ya 1AZ ni ya aluminiamu, na kwenye injini za miaka ile boli zinazoshikilia hedi, hasa za upande wa nyuma, huja kung'oa nyuzi zake ndani ya blok. Hedi inalegea, maji yanapenya, gari linachemsha. Fundi asiyejua anabadilisha gasket, anakaza, boli inazunguka bila kushika, naye anafunga hivyo hivyo. Wiki chache baadaye uko pale pale, na fedha imekwenda. Tiba yake ni mchongaji vyuma atoboe upya na kutia nyuzi za chuma kwenye kila tundu. Inawezekana, na ikifanywa vizuri inadumu, ila uliza mapema nani mjini anaifanya na amefanya ngapi. Kwa hiyo AZR60 unanunua injini: ikiwa nzima na ikatunzwa, ni gari zuri; ikiwa imeshachemka mara moja kwa nguvu, rangi nzuri haitakusaidia kitu.

Sasa ile Agosti 2004. Binamu yangu ana Voxy ya 2005. Gereji moja ilimwaga mafuta ya gia boksi, ikajaza haidroliki nyekundu ya kawaida, ile inayotiwa kwenye otomatiki zote. CVT haina gia za meno. Ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na unashika kwa msaada wa mafuta yake maalumu. Ndani ya mwezi gari likaanza kuvuma na kusitasita kuondoka. Ilibidi atafute gia boksi nyingine. Nilimlilia kama mtu aliyefiwa, maana gari lile ndilo lililokuwa likisomesha watoto wake. Kama unachukua iliyotengenezwa baada ya mwezi huo, nunua mafuta ya CVT wewe mwenyewe, uyabebe mkononi, na usimame pale fundi anapojaza. Yangu ni ya 2003, ina gia nne, na niliitafuta makusudi.

Jambo moja nimelipenda. AZR60 ikiwasha taa ya cheki injini, mashine inasomeka na kukutajia silinda yenye shida. Kila plagi ina koili yake. Ikisema silinda ya pili inamisi, hamisha koili ya pili iende ya tatu, endesha, soma tena. Shida ikihamia ya tatu, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki ya pili, tafuta kwingine. Kwenye SR40 wazee huunganisha waya kwenye kisanduku cha kupimia na kuhesabu taa inapepesa mara ngapi, na kwa kweli wapo wanaofanya hivyo kwa haraka kuliko kijana mwenye mashine.

Mambo madogo ya kila siku

Petroli: ya zamani ilikuwa inanipa kilomita 8 hadi 9 kwa lita na mzigo wangu, hii inanipa 10 ikiwa imesafishwa. Tofauti ipo, haitoshi kuamua.

Mzigo: SR40 inasukuma kwa nyuma, na ukijaza nyuma magurudumu yanashika zaidi. Kwenye tope la shamba na kilima, AZR60 iliyojaa nyuma inateleza kwa mbele mpaka watu washuke. Ukikata kona ukasikia "tak-tak-tak" kwenye AZR60, ni sivi jointi, kiungo cha ekseli ya gurudumu la mbele. Ukiondoka na gari likagonga mara moja chini ya sakafu kwenye SR40, ni krosi ya propela.

Milango: hapa kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango mmoja wa SR40 unafungukia pembeni, salama. AZR60 ina wa kulia pia, unaofungukia katikati ya barabara. Wenye watoto wafunge ile loki ya watoto siku ya kwanza. Na mlango wa umeme, kamba yake ikikatika, bora uuache wa mkono.

Kuhusu zingine nilizoulizwa: Ipsum ya kwanza ni 3S-FE bila joto la kiti, nzuri kwa familia ya watu sita, haifai kwa magunia. Serena ya C25 ina nafasi nzuri, ila nayo ni CVT, na mafundi wetu wengi mikono yao imezoea Toyota. SR40 ya dizeli, yaani CR40, siipendekezi kwa anayepanda milima. Injini zile zikichemka, hedi hupasuka.

Namna ya kulijaribu

Mwambie muuzaji usiku uliotangulia: asiliwashe asubuhi. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Gari lililopashwa moto kabla hujaja lina la kuficha. Fungua mfuniko wa rejeta likiwa baridi. Maji yenye rangi ya kulanti (maji maalumu ya rejeta) ni dalili ya mtunzaji. Ya kahawia kama chai ni dalili ya mtu aliyekuwa anajaza maji ya bomba. Utando wa oili juu yake, funga, aga. Liwashe huku mfuniko uko wazi, utazame mapovu yasiyoisha. Kisha liendeshe nusu saa nzima kiyoyozi kikiwa wazi, na likishafika joto lake, lisimamishe likiwa linaunguruma dakika kumi kwenye jua. AZR60 yenye boli mbovu wengi huigundua hapo. Na kama una siku moja ya ziada, panda nalo Amani kutoka Muheza. Muuzaji akikataa kilima, amekujibu.

Shemeji, wewe unatoka shambani na magunia, barabara yako nusu yake ni udongo, na fundi wa karibu nawe ni mzee wa 3S. Chukua SR40 yenye bati kavu, hata ikiwa na kelele. Mimi nabaki na AZR60 kwa sababu shughuli zangu ni za mjini na Mjomba bado ana macho. Kuna SR40 moja ya bluu imetangazwa Korogwe, inasemekana ilikaa Dodoma miaka yote. Jumamosi nina nafasi. Nimeshaongea na mwenyewe asiiguse mpaka tufike saa moja asubuhi, nawe uje na sumaku.